Maji Yaliyotakata Mno

Mjomba Leland,

Nakusihi uisome barua hii peke yako, na mama asisikie hata neno moja. Hapa Duluth theluji imeanza. Koti ulilonipa linanifaa.

Lile tangi la maji ya chumvi la kufugia matumbawe hapa ofisini lilijaa mwani. Nilipima maji nikakuta fosfeti, ile inayolisha mwani, imezidi, nikamwaga dawa ya kuipunguza yote kwa mkupuo badala ya kidogo kidogo. Mwani ulikufa. Sasa matumbawe nayo yamekosa chakula, yanapauka kuanzia nchani.

Jana wakili mwenye ofisi, Bwana Halvorsen, aliinama kuyatazama.

"Kumbe kijana una mikono ya kazi. Hata mawe yametakata. Jumatatu ongeza dawa, mke wangu akitoka hospitali ayakute meupe pe."

Mkewe ndiye aliyeyakuza hayo matumbawe anayoyaita mawe, tangu yakiwa vipande vidogo kama kucha. Nilijibu, "Sawa, bosi." Chupa mpya ameshaniwekea mezani.

Mjomba, wewe umeyafuga miaka mingi. Niambie kama bado yanaweza kuokoka. Usipige simu ya ofisini, yeye ndiye hupokea. Nipigie yangu wakati wa chakula cha mchana. Nitakuwa garini, vioo nimefunga.

Mpwa wako,
Anselm