Hii ni ya Kuombea, si ya Kuongea

Binti yangu mpendwa,

Leo ni siku ya kumi na mbili sijasikia sauti yako. Niliambiwa nisikupigie, na bado nimepiga, unanijua. Haiingii. Nikimaliza kukamua ng'ombe nakaa hapa kwa mlango wa stoo na daftari, nakuandikia, kwa sababu mikono ikikaa bure kichwa kinaenda mahali pabaya.

Unakumbuka hii stoo? Kanisa letu lilianzia hapa, ukiwa darasa la pili. Wageni wawili walikuja na gitaa na Biblia, mvua ikawapata, baba yako akawaambia waingie. Jumapili iliyofuata tulikuwa watu tisa, tumekalia magunia ya viazi. Wewe ulilala katikati ya mahubiri, ukaamka na alama za gunia shavuni. Baba yako, Mungu amlaze pema, akasema, "Huyu atakuwa mhubiri, ameanza kwa kupumzika." Tulicheka mpaka mgeni akasahau andiko.

Kwa hivyo uliponiambia timu yenu inaenda kuanzisha makanisa nchi ya mbali, mahali watu wa imani yetu wanakutana kwa kujificha, sikushangaa. Niliogopa tu. Nilikufungia njugu na majani chai, nikakushikilia pale steji ya mabasi ya Nakuru mpaka kiongozi wenu akakohoa.

Halafu ile Jumamosi ukapiga. Ulikuwa na furaha, jamani! Ukaniambia mko watu saba, mnakutana kwa chumba cha nyuma cha duka la fundi wa nguo, mama mjane kama mimi, na yeye ndiye anawachemshia chai. Ukanitajia mji. Kisha ukasema, "Mum, hii ni ya kuombea, si ya kuongea."

Nikasema sawa. Sasa niambie, mtoto wangu, kwetu kuna tofauti gani? Sisi tukitaka kuombewa tunasimama mbele ya watu, "Bwana asifiwe," tunataja jina na mahali na ugonjwa na hata dawa tunayomeza, ndiyo watu wajue wanaombea nini. Kesho yake nikasimama. Nilitaja mji. Nilitaja soko, na duka, na cherehani ya yule mama. Na nikuambie ukweli wote: hayakuwa maombi tu. Nilikuwa najisifu. Nilitaka wajue stoo yangu imezaa kanisa ng'ambo. Mama Shiru, aliyekaa kando yangu, alinivuta sketi nikae, nikautoa mkono wake. Watu wakapiga makofi. Na ile kamera mpya ya kanisa ilikuwa inanitazama tu, ibada yote inaenda laivu mtandaoni.

Siku ya tatu ukaandika: "Mum, mwambie pasta atoe hiyo video. Imefika huku. Tunahama. Usipige." Aliitoa saa hiyo hiyo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Wanasema ulimi huponza kichwa. Wangu uliacha changu ukaenda kuponza chako, na cha mama wa watu ambaye hata hajawahi kuniona. Wewe unaweza kuhama. Yeye atabeba duka aende nalo wapi?

Kiongozi wenu ananiambia, "Mama, wakinyamaza si lazima iwe ni mabaya." Najibu ndiyo, nikikata simu najaribu yako tena. Pikipiki ikipunguza mwendo hapo kwa geti nafikiri nimeletewa habari. Mbegu ya viazi imechipuka, mvua imekuja, na sijapanda hata mstari mmoja.

Jumapili pasta aliuliza nani ana ombi. Nikasimama. Wote wakageuka, wanataka kujua mmefika wapi. Nikasema, "Bwana asifiwe. Nina mtoto, yuko mahali. Kuna mama mwingine, naye yuko mahali. Waombeeni." Nikakaa. Bado walikuwa wamenigeukia, wakingoja niendelee. Mama Shiru akanishika mkono, na safari hii sikuutoa.

Pasta ameomba barua hii isomwe kanisani, watu wenye watoto huko nje wajifunze. Nimekubali. Nimeandika stoo, nimeandika aibu yangu yote. Jina lako sijaandika, hata herufi ya kwanza. Nalitaja nikiwa kwa ng'ombe peke yangu, polepole, na Mungu ananisikia vizuri tu. Kumbe siku zote alikuwa anasikia.

Nisamehe, mtoto wangu. Na ukimwona yule mama, niombee msamaha kwake. Usipige kama si salama, nitangoja.

Tangu uzaliwe, hakuna mtu huku anayeniita kwa jina langu. Naitwa Mama, halafu jina lako. Leo natia sahihi nusu. Ile nusu nyingine rudi nayo.

Mama