Yaya Numbi, Toleo Lako Lisilo na Kipanya Limetoka

Yaya, mkubwa wangu,

Limetoka. Liko kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni, chini ya lile la kawaida, na mtu yeyote anaweza kulichukua bure. Nilipomaliza kulipandisha niligeuka nikuite uje uone. Juu ya kiti chako kulikuwa na rundo la karatasi za wateja. Mimi mwenyewe ndiye niliyeziweka pale, kisikae kitupu.

Bureau yetu ya kuchapisha bado iko palepale karibu na gare, kituo cha treni. Wanafunzi wanaleta kazi zao tuzichapishe, wachumba wanaleta mialiko ya ndoa. Miezi ya kwanza watu waliingia wakitazama kona yako, wakapunguza sauti. Sasa wanaingia na kelele zao kama zamani, na sijui kipi kinaniuma zaidi. Nimesema "tuzichapishe". Niko peke yangu, Yaya. Mama bado anasonga ugali, bukari kubwa ileile ya watu watatu, kisha anaiangalia. "Nitazoea," anasema. Halafu hali chochote.

Unakumbuka tulivyoanza Kisale? Linux yetu ya Kiswahili, mfumo wa kuendesha kompyuta, ya mashini kuukuu ambazo Amisi alizileta dukani kwake kutoka Lubumbashi, zile ambazo kila fundi alikuwa amezikataa. Wewe ulijenga programu ya ndani, mimi nilitafuta maneno ya Kiswahili ya kuweka kwenye skrini. Kwa neno moja tu tungeweza kugombana mpaka bukari ipoe. "Weye unatakaka bantu bajifunze Kiswahili kwanza, kiisha kompyuta," ulinichekesha hivyo, na neno lako ndilo likabaki.

Halafu presha ikakupiga, na mkono wako wa kuume ukalala.

Ulirudi kutoka hospitali ukakaa mbele ya mashini, ukajaribu kushika kipanya kwa mkono wa kushoto. Kile kimshale kilikimbia skrini nzima kama kuku aliyechomoka mikononi. Ulikisukuma kipanya mpaka kikaanguka chini, ukalia kwa hasira. Mimi nilikuokotea. Hukukitaka tena. Baada ya hapo ulikaa siku nyingi ukiandika programu, kidole kimoja kimoja, na siku moja ukaniita. Mezani hakukuwa na kipanya. Kwenye skrini hakukuwa na picha wala vitufe vya kubofya. Ulifungua dirisha moja, likajaa skrini yote. Ukafungua la pili, yakagawana nafasi yenyewe, ubavu kwa ubavu, bila moja kulifunika jingine. Yote kwa kibodi tu, na vitufe vyote ulikuwa umevikusanya upande wa kushoto, chini ya vidole vyako vizima.

"Angalia, kila kitu iko pa nafasi yake. Minyi sikimbize tena kitu."

Na ile mashini nzee, iliyokuwa ikikohoa kufungua barua moja, ilikuwa inaruka! Ulicheka kwa upande mmoja wa mdomo, upande uliobaki. Ukasema: "Hii haiko ya minyi peke yangu. Tutaitoa kwa bantu bote."

Hukufika siku hiyo. Baada ya mazishi na kilio, wenzetu wanaotusaidia Kisale kutoka mbali waliandika maneno mazuri ya pole, na chini yake wakauliza kama si vizuri toleo hilo tuliache. Nani atalitunza? Nani atalitaka? Mimi ni mtu wa maneno, kazi ya ndani ilikuwa yako. Nikachukua mashini yako nikaanza kuishi ndani yake. Mkono wangu wa kuume ulikaa pajani bila kazi. Nilifunga madirisha niliyotaka kufungua, nikapoteza barua za wateja, nikakutukana, nikakuomba msamaha. Polepole vidole vikajua.

Nilipompa Amisi ajaribu, aliwasha, akaona skrini nyeusi na mstari mwembamba juu, basi.

"Ilunga, hii ilikufa!"

Kisha akasikia neno lililomtoka, akaniomba radhi. Lakini alikuwa amenionyesha jambo: wewe hukuhitaji kukaribishwa, mgeni anahitaji. Nikaandika ukurasa wa kumpokea, unaofunguka wenyewe na kumwambia abonyeze wapi.

Jambo la pili alilosema lilikuwa gumu. "Bantu biko na mikono mbili. Vitufe, uvitawanye."

Nilimkasirikia. Sikupita dukani kwake tena, nilizunguka njia nyingine kwenda sokoni. Alikuwa amesema kweli, najua. Lakini vile vitufe, Yaya... Kitufe cha kufunga kiko pale kwa sababu kidole chako cha mwisho kilikuwa na nguvu. Cha kuhama kiko pale kwa sababu gumba lako lilichoka haraka. Kuvihamisha kulikuwa kama kufua kitenge chako chenye harufu yako bado.

Nilimwambia Mama. Unajua hajawahi kugusa kompyuta. Alikuwa anachambua matembele, hakuinua kichwa.

"Ule muntu atakayeikamata, anamujua Numbi?"

Nikasema hamjui.

"Basi, umupatie kitu yenye ataweza kutumika nayo. Kilio iko ya siye."

Nilivitawanya, Yaya. Mvua ilikuwa inapiga mabati, nikavihamisha kimoja kimoja. Mpango wako sikuufuta. Ukurasa wa kumpokea mgeni unamuuliza atatumia mikono miwili au mmoja, na akisema mmoja, wa kushoto, anaukuta kama ulivyouacha. Kisha nikaenda kwa Amisi, akanipa chai, nikamwacha ajaribu tena.

Wanaolitumia bado ni wachache. Mwanamke mmoja anayechapa barua za watu kule Luena aliandika kwamba mashini yake haijawahi kuwa nyepesi hivi, ila herufi zenye alama za Kifaransa zinamgomea. Nimezirekebisha. Mwisho wa ujumbe wake aliandika: "Asante kwenu wote mnaofanya kazi hii."

Sisi wote. Nilikaa na maneno hayo mchana mzima. Nilipomjibu niliandika "tumepokea, tunashukuru." Nilitaka kusahihisha, niandike "nimepokea." Vidole vilikataa.

Basi nakuahidi hivi. Nitalitunza toleo hili muda wote ambao kuna mtu mmoja anayeliwasha. Na nitatafuta mtu wa kumfundisha kazi ya ndani, nimfundishe bila kuficha kitu, ili "tumepokea" iwe kweli tena. Kabla ya hapo nitaendelea kuiandika hivyohivyo. Nivumilie.

Mama anakusalimu. Lala muzuri, Yaya.

Mudogo wako,
Ilunga