CD za Bure na Kayamba ya Nyanya

Mpendwa Wakesho,

Natumai kazi ya studio huko Nairobi inaendelea vizuri. Hapa Voi tu wazima, na shangazi yako yuko Mboghoni akivuna ndizi.

Umeuliza kama utupe lile sanduku la CD za bure zenye milio ya ala mojamoja, nilizokuwa nikipata ndani ya magazeti ya muziki, kwa kuwa sauti za ala sasa zimejaa mtandaoni.

Kwaya yetu ilipokuja kwangu kurekodi, nilifuta sauti ya kayamba aliyopiga nyanya yako nikaweka ya CD, maana ilisikika safi zaidi. Wenzake walisifu. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mimi niko wapi hapo?"

Niliirudia ile CD nikasikia waliotengeneza walivyorekodi: mtikiso mmoja, kimya, kisha mwingine. Kesho yake nilimweka nyanya yako mbele ya maiki tukafanya vivyo hivyo.

Za magazeti tupa ukitaka, zilishanifundisha. Chini kabisa kuna moja niliyoandika "Kayamba" kwa kalamu. Tangu tumzike sijaweza kuisikiliza. Wewe mtafutie nafasi kwenye wimbo.

Babu yako