Geji ya Kitenge

Dar es Salaam,
Jumapili, baada ya misa.

Kwako mwanangu Osmund,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu nawafuata wengine mmoja mmoja asije akanung'unika mtu. Baba yako hajambo? Ule mgongo umemwachia, au bado anainuka kwa kushika ukuta? Bibi yako mpe shikamoo yangu, umwambie dawa yake ya kuchua sijaisahau. Mkeo Mama Neema hajambo? Na Neema mwenyewe, meno yameota? Baba yako mdogo kule Mapera, kahawa imechanua?

Mimi ni mzima ila nimechoka, mwanangu. Kidonda cha dada yako Devota, pale walipompasua kutoa mtoto, kinapona polepole. Mtoto analia, mama yake analia, na maji tunapandisha kwa ndoo mpaka huku kwake ghorofani. Magoti yangu yalizoea milima, lakini ngazi hizi zimenishinda. Mlima ukifika juu umefika. Ngazi ukifika juu unakumbuka ndoo nyingine iko chini.

Simu yako kila nikipiga haipatikani, ndiyo maana naandika. Barua anakuletea mpwa wa katekista wetu, anakuja huko harusini kisha anarudi huku.

Ile geji uliyoniagiza nimeifuata dukani. Mwenye duka ni mtu wa Tanga, akanikalisha juu ya ndoo ya rangi, akaniuliza naitaka ya nini. Nikamwambia, mwanangu anapeleka abiria kutoka Mbamba Bay hadi Liuli, na boti aliinunua geji ikiwa imekufa, hajui mashine ya nyuma imeinuka kiasi gani. Ikiinuka mno, pua ya boti inapanda kama mbuzi anayetaka majani ya juu.

Akaweka mbili mezani. Moja ina kebo kama ya breki ya pikipiki, inatoka kwenye mashine mpaka kwenye usukani. Mashine ikisogea, kebo inavuta mshale. Nyingine ya umeme, kidude kinafungwa kule nyuma, na nyaya zinapeleka habari mbele.

"Chukua ya umeme, mama. Kebo inaliwa na chumvi, inakwama, mshale unasimama palepale unakudanganya."

"Chumvi ipi, baba? Ziwa letu tunasongea ugali."

Akacheka sana. "Nyie mna bahari ya kunywa!"

Fundi wake akadakia, "Basi mpe ya kebo. Ya umeme nayo betri ikilegea inadanganya."

Mwenye duka akamgeukia, "Betri ikilegea hata mashine haiinuki, we! Sasa geji ya nini?"

Nikamwambia, "Ya kujua imegandia wapi."

Betri yako naijua, Osmund. Ufukwe mzima unachajia simu pale, na wewe kukataa huwezi. Kwa hiyo moyo wangu uko kwenye kebo. Lakini fundi akaniuliza, kebo ya urefu gani? Nikabaki nimenyoosha mikono kama padre. Fupi haifiki, ndefu mno inajikunja na kukwama. Nikarudi mikono mitupu, na ngazi zikanisubiri.

Sasa lile ulilonificha. Mama Neema alinipigia siku alipopanda Mbinga kuuza usipa. Usimgombeze. Alikuwa anacheka. Alisema tangu niondoke yeye ndiye anakaa mbele kuishusha pua, na abiria wamemrithisha jina langu, geji ya kitenge. Nami nilicheka, maana nakumbuka ulivyokuwa ukipiga kelele, "Mama, sogea mbele!" na watu wanasema nahodha anahamisha jiwe lake. Kisha akasema upepo wa mwera ulipovuma, pua ikapanda, wimbi likamrusha, akadaka kamba. Nikamuuliza, Neema alikuwa wapi? Akasema, mgongoni.

Tangu hapo sili nikashiba, mwanangu. Mimi nilikaa pale kwa sababu nimeshazaa, nimeshalea, na mwili wangu ni mzito. Yule binti ni mwembamba, na ana mtoto.

Chukua kamba, uipitishe pale kebo itakapopita, ukifuata ubavu wa boti, usikate njia ya mkato. Anza kwenye mashine, ishia kwenye usukani. Ikate hapo, umpe mpwa wa katekista aje nayo. Muulize na fundi wako kama mashine ina mahali pa kushikia kebo. Ikiwa haina, uniambie, nitachukua ya umeme, na hizo simu za watu wakachajie kwingine.

Nisalimie katekista, na yule mama jirani niliyemwachia meza yangu ya samaki, na baba yako tena.

Jibu upesi, usingoje harusi iishe. Na kuanzia leo jaza gunia mchanga, ulifunge pale mbele nilipokuwa nakaa. Wakitaka kulicheka walicheke. Gunia halina mtoto mgongoni.

Ni mimi mama yako,
Mama Osmund