Maneno Niliyompa Mwanamke wa Kijapani

Musoma, Jumamosi. Mvua inanyesha tangu alfajiri na ziwa halionekani kabisa kutoka dirishani. Sina pa kwenda, na moyo umetulia.

Asubuhi binti yangu Neema alinipigia kutoka Dar. Wiki hii kule wanaonyesha filamu mpya za Kijapani, kiingilio bure, akaniuliza kwa utani kama sisi watu wa Mara tumewahi kuziona. Nikamwambia tuliziona, tena yeye mwenyewe alikuwepo, amelala mgongoni kwangu. Hakuamini. Sikumweleza zaidi, maana ningelazimika kukiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote.

Nalikiri hapa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani na mitumba imejaa sokoni, lakini sukari bado tulikuwa tunaipangia foleni. Mimi nilikuwa mpiga chapa ofisini, mjane wa mwaka mmoja, nina watoto wawili. Ndugu za marehemu mume wangu, watu wa Kiriba, walikuwa wameamua nirithiwe na mdogo wake, Mafuru.

Mafuru hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mke, ng'ombe na adabu. Ila sikumtaka, na sikujua nitalisemaje hilo mbele ya wakwe. Kila walipokuja nilikuwaga napiga magoti, nawasalimia, nawapa chakula, nanyamaza. Wao wakadhani kunyamaza ndiyo kukubali. Kikao cha mwisho kikapangwa Jumapili, baada ya ibada.

Wiki hiyohiyo Kenji, Mjapani aliyekuwa akifundisha watu kutengeneza injini za boti, aliletewa makopo ya filamu za kwao ili azionyeshe Musoma, Bunda na Butiama. Aliandika bango kwa mkono wake: Tamasha la Filamu Mpya za Japani. Watu walifurahi, wakidhani ni picha za ngumi. Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiingereza, na mwalimu aliyetakiwa kuyasoma kwa Kiswahili akaugua malaria. Mkuu wangu wa ofisi akanitaja mimi, kwa sababu nilikuwa nachapa barua za Kiingereza bila makosa.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Madirisha yalizibwa kwa maturubai, nami nikakaa nyuma gizani, kando ya mashine ya picha, na kipaza sauti. Wakwe zangu walikuwa wamefika asubuhi kwa ajili ya kikao cha kesho yake, na walikuwa mstari wa tatu: mama mkwe, Mafuru na wazee wawili.

Hakukuwa na ngumi. Picha ilimhusu mjane mwenye kibanda kidogo cha kunyolea katika mji wa wavuvi. Nilipoelewa habari yenyewe, nilisogeza kiti mbali na mwanga wa mashine. Shemeji yake anakuja na wazee, wanakaa chini, wanamwambia afunge kibanda na kuhamia kwao. Nikatafsiri yote hayo, sauti ikitetemeka. Kisha uso wa yule mwanamke ukaonyeshwa kwa karibu, muda mrefu. Akafungua mdomo, akasema kitu kifupi.

Sikusoma. Macho yangu yalikuwa kwenye kitambaa cha mama mkwe, mstari wa tatu. Nilipoyarudisha, maandishi yalikuwa yameshapita.

Mtu mmoja mbele akauliza, "Amesema nini?"

Ukumbi mzima ukasubiri. Nikasogeza kipaza sauti.

"Amesema: Shemeji, nakuheshimu. Wewe ni baba mdogo wa watoto wangu na mlango wangu uko wazi kwako siku zote. Lakini sitakuwa mke wako. Nitalea watoto hapa, kwa kazi ya mikono yangu. Naomba msinichukie."

Nilisema bila kukwama hata mara moja. Sikuwa nimewahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya wakwe.

Njiani kurudi nyumbani hakuna aliyeizungumzia picha. Usiku ule sikupata usingizi.

Jumapili, Mafuru ndiye aliyefungua kikao. Hakufika mbali. Mama mkwe alimkatiza, akasema hakuna haja ya kuniuliza, kwa sababu jana wote walinisikia. Mzee mmoja akasema jana tuliangalia picha tu. Mama mkwe akamjibu kwamba yeye alisikia sauti ya mkwe wake, na masikio yake bado ni mazima. Mafuru akasema mwanamke asiyemtaka hawezi kumpeleka kwake kwa kamba. Wakajadili shamba la watoto, wakala chakula, basi.

Nilipomsindikiza mama mkwe, alinishika mkono.

"Yule Mjapani wa kwenye picha alifungua mdomo kidogo sana kwa maneno yote yale," alisema.

Akageuka kuangalia wazee walipo.

"Mimi nilirithiwa, Mama Neema. Hakuna aliyeniuliza."

Akaachia mkono, akapanda gari.

Jumatatu tukaionyesha picha ileile Bunda, pale Nyasura. Safari hii nilikodoa macho. Ilipofika sehemu ile, maandishi yalisema: Chai imepoa. Nitachemsha nyingine.

Hivyo tu!

Nikayasema kama yalivyo, huku najionea aibu. Kisha mama mmoja aliyekuwa mbele yangu akamgeukia mwenzake, akasema taratibu, "Kamkataa huyo." Mwenzake akaitikia kwa kichwa. Butiama nako ilikuwa vivyo hivyo, walielewa bila msaada wangu.

Kumbe sikumsingizia sana yule dada.

Ila kuna mtu mmoja aliyekuwa anajua Kijapani na Kiswahili, naye ni Kenji. Tukiwa tunafunga makopo pale Nyasura, bila kunitazama, aliniambia, "Leo umetafsiri sawasawa. Juzi ulitafsiri vizuri." Akaendelea kukunja waya.

Mama mkwe alifariki miaka mingi baadaye, nyumbani kwangu, mikononi mwangu. Mafuru amezeeka, akija mjini hupitia hapa na samaki wawili wa sato, anakaa sebuleni, ananiita shemeji. Watoto wamesoma. Nyumba ni yangu, bati nimelibadilisha mwaka jana, na leo halivuji.

Sijutii uongo ule. Kinachonisumbua kidogo ni kwamba niliusema gizani, nimejificha nyuma ya mwanamke mwingine. Kama ingekuwa leo, madirisha wazi, wakwe wote wananitazama usoni, ningeweza?

Nadhani ningeweza. Sauti ingetetemeka, lakini ningemaliza.