Kwa Dada Nabwire, Uliyevuka Mto na Cherehani

Mpendwa dada Nabwire,

Barua yako niliipata Jumanne kwa mkono wa yule dereva wa lori wa Busia, imekunjwa mara nane kama hirizi. Nimefurahi mno kusikia kwamba sasa una cherehani tatu pale sokoni mpakani, na kwamba wateja wanakufuata kutoka pande zote mbili. Lakini mstari wako wa mwisho umeninyima raha. Unauliza kama Baba alikusamehe kwa kukaribia kumpotezea nyumba. Miaka yote hii, dada, bado unaubeba mzigo huo! Tulia nikujibu, ila nitaanzia mbali kidogo.

Nakumbuka ulivyofika Makongeni, kwenye nyumba hizi za reli. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nafua mlangoni, nikaona mwanamke mrefu amebeba kitu kizito kichwani, kimefungwa kwa blanketi. Kumbe ni cherehani ya mkono. Ulishika bahasha kuukuu yenye jina la Baba. Marehemu baba yako alikuwa karani wa reli huko Tororo, na Baba alikuwa karani wa mizigo hapa Nairobi, enzi zile reli ilipokuwa moja kwa nchi zote tatu za Afrika Mashariki. Walikuwa hawajaonana kwa miaka mingi. Hata hivyo, Baba alipoiona ile bahasha alisema tu, "Huyu ni wetu. Mama Mwende, ongeza unga."

Nawe ukapiga magoti kumsalimu, kama mnavyowasalimu wakubwa kwenu. Baba alishtuka akarudi nyuma. "Inuka, mama, kwani umefanya kosa gani?" Tulicheka mpaka na wewe ukacheka.

Kucheka kulikwisha ulipotueleza yaliyokuleta. Mpaka ulipita katikati ya shamba la babu yako: migomba upande huu, mihogo upande ule, mto Sio katikati. Zamani mlivuka kwenda kuomba chumvi kwa jirani. Kisha yule jenerali wenu akaanza kudai redioni kwamba sehemu kubwa ya Kenya ni yake, wanajeshi wakajaa ukingoni mwa mto, na kaka yako akachukuliwa dukani mwake asirudi. Kwako wewe, kurudishwa kule kulikuwa kurudishwa mikononi mwa waliomchukua.

Huku nako watu walianza kutazamana kwa jicho la pembeni. Mama alikuonya, "Mwana wakwa, mwanangu, hapa salimia ukiwa umesimama. Magoti yako yatakuuza." Ulijitahidi, masikini. Mara ngapi nilikuona umeanza kukunja goti, kisha ukajifanya unaokota pini! Mchana ulitia viraka makoti ya kazi, dasti koti za vibarua wa Industrial Area, na jioni ukanifundisha kuzungusha gurudumu polepole ili uzi usikatike. Nilikupenda, dada. Sijui kama niliwahi kukuambia.

Halafu ikaja Jumamosi ile. Nilitoka bombani mbio, maji yakinimwagikia, nikamwita Mama. "Mathe, kuna mtu wa ofisi anacheki kila keja, nyumba kwa nyumba! Anauliza nani anakaa na nani!" Sheria tuliijua: nyumba za reli ni za mfanyakazi na jamaa yake tu. Mgeni akipatikana, Baba ananyang'anywa nyumba, na mgeni mwenyewe, akiwa ametoka ng'ambo ya mpaka... Hata hatukuthubutu kumalizia wazo hilo. Mama akakufundisha harakaharaka: wewe ni binamu yetu kutoka kwetu Kitui, useme machache. Mkaguzi akaingia, mtu wa makamo mwenye kofia ya kaki na daftari kwapani. Na wewe, kabla hajamaliza hodi, ukashuka kwa magoti yote mawili. "Mulembe, baba."

Eti salamu ya Kitui hiyo, nayo ni ya kwenu kabisa! Ndipo Mama naye akajitupa chini kando yako, akafumba macho. "Karibu, bwana, umetukuta kwenye maombi," akasema, akanivuta gauni nami nikaanguka. Baba alibaki peke yake wima na kikombe cha chai. Baba, Mkristo wa Krismasi! Akapiga magoti, akakohoa, akaomba ombi pekee alilolijua: "Bwana, tunakushukuru kwa chakula hiki." Mezani palikuwa na dasti koti nne na mkasi. Nilijiuma mdomo nisicheke. Kisha sauti yake ikabadilika. "Na walio njiani, Bwana, uwape mahali. Mahali pa kukaa tu." Mkaguzi alikuwa amevua kofia. Akaitikia amina pamoja nasi.

Lakini hakuwa mjinga. Alikutazama sana, kisha akamwambia Baba, "Jumatatu nataka majina ya wote wanaolala humu, na sahihi yako. Asiye wa jamaa asilale hapa." Ulianza kuifunga cherehani kwenye blanketi, Baba akakukataza. Jumatatu alivaa tai, akaenda ofisini, akarudi akasema, "Yamekwisha," akaomba chakula. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Tulidhani mkaguzi ametuonea huruma. Ukakaa nasi mpaka yule jenerali alipong'olewa, ukarudi kwenu kuanza upya.

Sasa jibu lako. Baba anastaafu. Yeye na Mama wanarudi Kitui, na mimi nimepata chumba mtaa wa Ziwani, hapa hapa Nairobi, kazi yangu bado ni ile ya kiwanda cha mashati. Anayestaafu hupewa pasi za treni, yeye na jamaa yake walioandikishwa. Wiki iliyopita Baba alinituma nikamchukulie. Karani akafungua faili akanisomea majina: la Mama, lako, kisha langu. Nikamwambia pengine kuna kosa. Akaigeuza karatasi niione mwenyewe. Ni mwandiko wa Baba, dada, wa Jumatatu ile. Nabwire, binti, mzaliwa wa kwanza.

Nilirudi nyumbani nikamshtaki kwa kunishusha cheo bila taarifa. Nikamuuliza pia kama hakuogopa kusema uongo kwa maandishi. Akavua miwani. "Uongo nilisema Jumamosi, niliposhukuru kwa chakula kisichokuwepo. Jumatatu niliandika kweli."

Basi usiniulize tena habari za msamaha. Pasi yako nimeitia humu, Malaba hadi Nairobi, kwenda na kurudi. Nami nimeomba likizo, nitarudi nawe nikalione hilo soko lako, maana nimechoka kushona mashati ya watu wengine, na ukinipa pembe moja ya kuweka cherehani sitakataa.

Funguo tunazirudisha mwisho wa mwezi. Njoo kabla ya hapo, dada, ulale katika nyumba hii angalau mara moja bila kuogopa hodi ya mtu.

Wako anayehesabu siku hadi uje,
Mdogo wako, Mwende