Nusu ya Kidonge cha Salu

Nkololo, Bariadi
14 Juni 2025

Dada yangu Stephania,

Mwangaluka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kisumu, wewe, shemeji na wanao. Mgongo wako unaendeleaje? Huku mama anakula vizuri na analalamika vizuri zaidi, kwa hiyo najua ni mzima. Pamba tumevuna. Mimi tu ndiye sijatulia.

Kifurushi cha dawa nilikipokea Lamadi kwa kondakta wa basi yule yule, asante sana. Kwenu huko mtu anaingia duka la dawa na cheti chake, anatoka na dawa. Hapa kituo cha afya nimeambiwa mara tatu kwamba za kifafa zimeisha, nirudi baada ya wiki mbili. Tabibu anasema kwa huruma, lakini huruma haimezwi.

Ulinieleza kwenye simu kwamba daktari wa huko aliyemwona Salu tulipokuja mwaka jana ameshangaa kusikia anaanguka tena, na sasa anataka kumbadilishia dawa, ampe kali zaidi. Tangu siku hiyo sina raha. Wiki iliyopita mwanangu Salu aliangukia kando ya lambo, ndoo mkononi. Wenzake walikimbia, maana huku bado watu wanaamini kwamba povu lake likikugusa na wewe umepata. Mama mmoja aliyekuwa ananywesha ng'ombe ndiye aliyemvuta, uso ukiwa umeshaingia majini. Ana miaka tisa tu, Dada. Siku hizi akichelewa kidogo chooni namwita mpaka anaona aibu.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu hili mdomo wangu umeshindwa kulitoa. Dawa haina kosa. Kosa ni langu.

Unamkumbuka Nyanjige, mke wa Mabula, jirani yetu? Naye anaanguka. Mwezi wa pili aliangukia mafiga akaungua mkono, mtoto akiwa mgongoni. Mama mkwe wake akatamka mbele ya ukoo mzima kwamba akianguka mara moja tena atarudishwa kwao, ng'ombe wa mahari wadaiwe, na mtoto abaki. Alienda kituoni, akaambiwa yale yale ninayoambiwa mimi. Jioni akaja kwangu. Hakuomba kitu, alikaa tu akinyonyesha. Nikachukua wembe, nikakata kidonge cha Salu katikati.

Tangu hapo kila asubuhi alikuja kuchukua nusu yake, na hakuanguka tena. Salu nikawa nampa nusu iliyobaki, nikijidanganya kwamba kwa mtoto inatosha. Kwetu jirani hanyimwi moto wala chumvi. Nikaona na hiki ni hivyo hivyo. Hata Salu alipoanza kuanguka nilisingizia malaria, nikaendelea kukata.

Tafadhali, mwambie daktari asibadilishe chochote. Mwambie mama yake ndiye aliyekata. Asipojua hivyo atampa mtoto dawa kali kwa ajili ya uongo wangu. Umuulize pia kuhusu mwanamke wa miaka ishirini na miwili anayenyonyesha, afanye nini, maana alituonya kwamba dawa hizi haziachwi ghafla, na mimi leo nimemwachisha mtu ghafla.

Asubuhi nilimpa Salu kidonge kizima. Nyanjige alipokuja nikamwambia zimeisha. Pakiti ilikuwa mezani, akaiona. Akasema, "Asante, mama Salu, kwa siku zote hizi." Kisha akamuuliza Salu kama ameamka salama, akarudi kwao kuwasha moto. Afadhali angenitukana. Naona aibu, na bado kesho nitampa Salu kizima.

Wasalimie shemeji na watoto, na mama anasema usikonde. Nilitaka kukueleza na habari za shamba, lakini naishia hapa. Mtoto wa Nyanjige analia muda mrefu sasa na sisikii mtu akimbembeleza. Nakwenda kuona.

Mdogo wako,
Jenifer